Siku moja maishani mwangu: napokea simu za watu wenye baridi yabisi

Saa 11 alfajiri. Naamka mapema kwa sababu vidole vyangu vinataka muda. Nina baridi yabisi ya aina ya rumatoidi, ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kuushambulia utando wa ndani ya viungo. Nazamisha mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nakunja na kukunjua taratibu. Leo zimepita dakika 50 ndipo nikaweza kufunga vifungo vya blauzi, na kile cha shingoni nimekiacha wazi.

Saa 2 asubuhi. Nipo kazini. Shirika letu la hisani ni la taifa zima, na sehemu kubwa ya kazi inabebwa na watu wa kujitolea: wapo wa kuchangisha fedha, wapo wa vikundi vya mazoezi, mimi ni wa simu. Kalamu yangu nimeizungushia sponji iwe nene, maana kalamu nyembamba inataka kubanwa, na kubana ndiko kunakouma.

Anapiga dada wa miaka 34. Vidole vimemvimba mikono yote miwili tangu miezi mitatu iliyopita, na kila anayemweleza humjibu kwamba huo ni ugonjwa wa wazee. Namuuliza swali ninalomuuliza karibu kila mtu: "Ukiamka asubuhi, viungo vinakaa muda gani kabla ya kulegea?"

"Mpaka saa nne hivi."

Gegedu, ule mto laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, likiwa limechakaa tu, ukakamavu wa asubuhi kwa kawaida hauzidi nusu saa. Wake unakula asubuhi nzima. Mimi si daktari, simpi jina la ugonjwa, ila namwambia asisubiri zaidi, aombe kupelekwa kwa bingwa wa baridi yabisi, kwa sababu kiungo kikishalika hakirudi kilivyokuwa. Na apige picha mikono yake alfajiri. Wengi wetu tunamfikia daktari mchana, uvimbe umeshapungua, tunaonekana wazima.

Hilo la "ugonjwa wa wazee" linaniumiza kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa na rumatoidi, asilimia 70 wakiwa wanawake, na asilimia 55 ndio waliozidi miaka 55. Hao wengine wote ni wadogo zaidi ya hapo.

Saa 4. Simu ambayo bado inanitetemesha ninapoandika. Mzee mmoja, sauti ya upole, anauliza kama vidonda vya mdomoni ni kawaida kwa dawa yake mpya.

"Shikamoo baba. Dawa gani hiyo?"

Ananisomea herufi moja moja: methotreksati. Vidonge 6.

"Unameza lini?"

"Kila siku, mwanangu. Leo siku ya nne."

Methotreksati ya baridi yabisi humezwa siku moja tu kwa wiki. Ikimezwa kila siku inaweza kuzima uboho unaotengeneza damu, na vidonda vya mdomoni huwa ni miongoni mwa dalili za mwanzo. Pakiti yake iliandikwa idadi ya vidonge, siku haikuandikwa. Namwambia: "Baba, usimeze tena. Nenda hospitali sasa hivi, si kesho, na pakiti uibebe mkononi." Namwomba ampe simu binti yake, narudia yote, naye ananirudishia neno kwa neno. Muuguzi wetu anapiga hospitali kuwaarifu kabla hawajafika.

Nikikata simu, mikono inatetemeka. Mwenzangu ananisogezea kiti na kupokea simu mbili zinazofuata.

Saa 7 mchana. Tunapanga bahasha za tarehe 12 Oktoba, Siku ya Baridi Yabisi Duniani. Nabandika stempu tu, kukunja karatasi nimewaachia wengine.

Saa 9. Kikao cha wazazi. Baridi yabisi ya utotoni huanza kabla ya miaka 16, na mama mmoja hakuwa amesikia kwamba mtoto wake anahitaji kupimwa macho mara kwa mara. Jicho linaweza kuvimba ndani bila wekundu wala maumivu, mtoto akaendelea kucheza huku uoni unapungua. Mama huyo aliandika hilo kwenye kiganja chake.

Saa 11 jioni. Binti wa yule mzee amepiga. Baba yake amelazwa, damu imepimwa, ameshaanza dawa ya kuzuia madhara. Nimekaa kimya na simu sikioni muda mrefu kidogo.

Saa 3 usiku. Leo ni Alhamisi, siku yangu ya methotreksati. Nimeandika ALHAMISI kwa wino mwekundu ubavuni mwa kichupa. Kifuniko ni kile cha kubonyeza huku unazungusha, na vidole vyangu havikiwezi, kwa hiyo mdogo wangu hunifungulia. Usiku huu nimemwomba ahesabu nami, kwa sauti.