Land Rover 109 la mjomba: kondensa imehama, gari halizimi tena

Jana jioni nimetoka Shangani, hapa Mtwara, hadi Mikindani, nikapanda kilima cha Boma kwa gia ya pili, nikashuka na kurudi nyumbani bila injini kuzima hata mara moja. Wiki saba nimeisubiri safari hiyo. Nilipoingia uani sikuzima. Nililiacha lingurume dakika 20 nyingine, mimi nimekaa juu ya tairi la akiba nalisikiliza tu.

Kwa mnaofuatilia tangu lilipotoka Nachingwea, ni lile lile Series III la 1978, petroli, lita 2.25. Niliahidi habari ya viraka vya chesisi. Vimechomelewa, vimepakwa rangi ya kuzuia kutu, na kila mahali bodi ya alumini inapogusa chuma nimeweka mpira, maana hewa ya chumvi ya huku haina huruma. Basi, tuje kwenye ugonjwa wenyewe.

Asubuhi liliwaka kwa mguso mmoja. Likishapata moto, dakika 25 hivi, linaanza kukohoa, linakosa nguvu, linazima. Piga stata utakavyo, linazunguka tu. Liache nusu saa lipoe, linawaka kama halijawahi kuugua.

Kila fundi niliyemuuliza alisema mafuta, nami nikaamini. Kabureta nimeifungua mara tatu. Nimepuliza bomba kuanzia tenki, nimebadilisha diaframu ya pampu, nimeifunga pampu tambara la maji barabarani jua la saa nane. Likazima vilevile. Siku moja liligoma katikati ya msimu wa korosho, malori yananipita kwa honi, nikatamani kuliuza palepale.

Kilichonifungua macho ni giza. Lilizima saa moja usiku, nikachomoa waya wa plagi, nikaushika kwa koleo karibu na bloku, mdogo wangu akapiga stata. Cheche ilikuwa nyembamba, ya manjano, inaruka moja na kukosa mbili. Tukakaa nusu saa, tukarudia: cheche ya bluu, nene, inalia ta-ta-ta. Mafuta yalisingiziwa muda wote huo!

Nikabadilisha koili, ile inayozalisha umeme mkali wa cheche, haikusaidia. Nikafungua kifuniko cha distribyuta, inayogawa cheche kwa plagi, na kuangalia pointi, yaani swichi ndogo ya kukata na kuunga umeme wa koili, kwa tochi: upande mmoja umeota kichuguu kidogo, wa pili umechimbika shimo linalolingana nacho. Hapo ni kondensa, kile kikopo kidogo kinachozuia pointi zisiungue kwa cheche. Nikanunua mpya, ikadumu siku mbili. Ya pili ikadumu safari moja. Ya tatu ilikufa kabla sijavuka Magomeni. Zote mpya, ndani ya boksi. Inauma sana kulipia spea mpya ambayo ni mbovu kuliko ya zamani, kwa sababu inakufanya utilie shaka hata ulichokwisha kukijua.

Ndipo nikajiuliza: kwa nini ikae mle ndani? Distribyuta imeng'ang'ania ubavuni mwa injini, joto lote linaipanda. Kondensa haijali iko wapi, mradi waya wake ufike upande wa koili unaokwenda kwenye pointi na kopo lake lishike bodi vizuri. Lilipozima tena nikaitoa ya ndani, nikafunga nje kondensa kuukuu ya pikapu iliyolala kwenye kopo la misumari. Stata moja, likawaka likiwa bado la moto! Sasa imefungwa moja kwa moja kwenye mguu wa koili, nimekwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Pengo la pointi nimeliweka milimita 0.4.

Neno moja kuhusu spana. Ukiwa na gari hili usilitie spana za milimita. Nati nyingi ni za inchi. 13 inaingia kwenye ya nusu inchi, lakini nusu inchi ni 12.7, na hiyo tofauti ndiyo inayokula kona za nati. Kwa 9/16 ndiyo kabisa: 14 haiingii, 15 inacheza. Nimenunua seti kuukuu ya inchi kwa fundi mstaafu, nzito, zina kutu kidogo, na sizibadilishi kwa seti yoyote inayometa.

Rangi ya bodi ilikuwa ianze Jumamosi. Haianzi. Nimepita kwa mchongaji mmoja wa mpingo, nikaona vipande vilivyobaki kwenye kinyago, na tangu hapo nawaza kirungu cha gia tu. Cha gia kuu kitakuwa mpingo mtupu. Kile cha njano cha kuingiza magurudumu manne na kile chekundu cha gia nzito nitaviacha na rangi zake, kwa sababu mjomba anaendesha kwa kuzitazama hizo rangi.

Nilimpigia simu jana usiku. "Mjomba, halizimi tena." Akanyamaza kidogo. "Limefika wapi?" Nikamwambia Mikindani na kurudi. "Haya," akasema, "Jumapili nipeleke Newala."

Kondensa ya akiba ipo tayari chini ya kiti.