Unga Haurudi Kuwa Mahindi

Nilimwambia kwa sekunde kumi hivi. Nilishika picha yake ya eksirei, nikaielekeza dirishani, nikasema, "Mama, pingili za mgongo zimesagika. Ni umri." Nikaandika diklofenaki, dawa ya maumivu, nikaita mwingine. Foleni ya Jumatatu ile ilifika mlangoni na mimi nilikuwa sijanywa hata chai.

Ilikuwa Moshi, mwaka 2017, nikiwa bado daktari mchanga. Mama mwenyewe alitoka Kibosho, miaka hamsini na nane, mtu wa kubeba majani ya ng'ombe kichwani na kupanda nayo mlima hadi nyumbani.

Baada ya miezi minne alirudi. Sikumtambua. Tumbo limekazwa kanga, binti yake kamshika mkono, akakaa pembeni mwa kiti kama anayekalia yai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mgongo umenimaliza."

Binti ndiye aliyeeleza mengine. Mama hainami. Hafui. Ng'ombe wameuzwa. Misa anaisikiliza redioni. Diklofenaki alikuwa akinunua mwenyewe duka la dawa kila zilipoisha, mpaka tumbo likaanza kuwaka moto.

Nikapima upya, safari hii kama nilivyofundishwa: nguvu za miguu, ganzi sehemu za siri, haja ndogo, homa za jioni, kupungua uzito, maana kifua kikuu cha mgongo huku kwetu kipo. Sikupata kitu. Ndipo nikauliza swali ambalo ningeliuliza siku ya kwanza.

"Mama, unaogopa nini hasa?"

Akaniangalia. "Si wewe uliyeniambia zimesagika? Kitu kikishasagwa kinarudi, mwanangu? Unga unarudi kuwa mahindi?"

Binti akacheka. Mimi nilishindwa.

Miezi minne mama yule alikuwa akiulinda unga wake usimwagike. Na picha ile, nilipoitazama tena, ilikuwa ya kawaida tu kwa umri wake. Kuna uchambuzi uliochapishwa 2015, wa picha za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo kabisa: kwa wenye miaka 60, watu 88 kati ya 100 walionekana na diski, zile mito laini kati ya pingili, zilizochakaa. Hawaumwi, wanalima!

Nikamuuliza kama nyumbani wana mbwa. Wanaye. Nikamwambia mbwa aliyewahi kupigwa na mwizi baadaye hubweka hata jani la mgomba likitikisika. Mwizi hayupo, lakini kelele ni za kweli. Mishipa ya fahamu nayo hufika huko, hasa maumivu yakishapita miezi mitatu: kidonda kimepona au hakikuwa kikubwa, ila ulinzi umepandishwa na haushuki. Nilikuwa mwangalifu nisiseme yuko salama, anadhani tu anaumwa. Wagonjwa wengi wameshaambiwa hivyo na sisi wenye makoti meupe, na hawarudi tena.

"Na mbwa wa hivyo anatulizwaje?"

"Kwa kuzoeshwa taratibu."

Nikasimamisha diklofenaki, nikampa dawa ya tumbo. Usiku nusu kidonge cha amitriptilini ya miligramu 25. Nikamweleza palepale kuwa ni dawa ya sonona ambayo kwa dozi ndogo hutuliza mishipa, kabla binti hajasoma kwenye simu akasema mama yake ameitwa kichaa. Halafu kutembea: kutoka getini hadi kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji, asubuhi na jioni, ageuze kabla mgongo haujamgeuza. Kila wiki aongeze kidogo. Kuinama ruksa.

Alirudi baada ya wiki sita, bila kanga tumboni. Maumivu yapo, alisema, ila usingizi umerudi na juzi amebeba majani, "mzigo wa mtoto." Nikafungua daftari niandike.

"Ngoja kwanza, daktari. Jirani yangu naye aliambiwa magoti yamesagika. Nimekuja naye, yuko hapo nje."