Nilivyoutayarisha Mwili Kabla ya Kupanda Pointi

Wanafunzi wapya wakija kwenye darasa letu la baleti, swali la kwanza huwa ni viatu vya pointi, vile vya kuchezea ukiwa umesimama kwenye ncha za vidole. Vinauzwa wapi hapa Nairobi, ni bei gani, saizi inachaguliwaje. Nawaelewa kabisa, maana kiatu ndicho kinachoonekana: satini, riboni, ncha ngumu. Lakini kwangu viatu ndivyo vilivyokuja mwisho. Kama leo nacheza pointi na kesho yake naamka nikienda kazini bila kuchechemea, ni kwa sababu ya kazi iliyofanyika kabla, nikiwa pekupeku kwenye chumba changu cha kupanga mtaani Umoja.

Nilianza baleti nikiwa mtu mzima, chuo nimemaliza na kazi nimeshapata. Tunafanyia mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa, jioni, watu wakitoka ofisini. Mwalimu wetu hakunikatisha tamaa nilipomwambia nataka kufika kwenye pointi, ila hakunipa njia ya mkato pia. Alinieleza miongozo ya IADMS, chama cha kimataifa cha tiba na sayansi ya dansi: mtoto asipande pointi kabla ya kufikisha miaka 12, anayefika darasani mara mbili kwa wiki, na mwili wake hauna kasoro wala udhaifu wa kumzuia, aanze katika mwaka wa nne wa mafunzo, anayekuja mara moja tu kwa wiki ashauriwe asipande.

“Na sisi tuliochelewa, Mwalimu?”

“Dada, wewe njoo mara tatu kwa wiki. Halafu tutauangalia mwili, si kalenda.”

Kwa mtoto, hofu kubwa ni mifupa ya mguu ambayo bado inakua. Mifupa yangu ilishakomaa, lakini misuli na kano zangu zilikuwa zimezoea kiti cha ofisi na kiti cha matatu. Mguu mmoja una mifupa 26, na ukiwa juu ya pointi uzito wako wote unashuka hadi kwenye eneo linalokaribia ukubwa wa kiberiti. Kuna kano ndefu inayotoka nyuma ya muundi, ikapita nyuma ya kifundo upande wa ndani, ikaenda hadi chini ya kidole gumba cha mguu. Hiyo ndiyo inayofanya kazi usiku na mchana kwa mchezaji wa pointi. Ikiwa misuli iliyo juu yake imelegea, kano hiyo inabebeshwa mzigo usio wake, na hapo ndipo maumivu ya nyuma ya kifundo huanzia.

Mwalimu alipenda kututajia Marie Taglioni, aliyecheza kwa ncha za vidole Paris mwaka 1832. Viatu vyake vilikuwa vya satini laini, vimeshonwashonwa tu kwa uzi pembeni na mbele ili visichanike. Hapakuwa na boksi, ile ncha ngumu ya gundi inayozunguka vidole, kama letu. Mguu wake ulijibeba wenyewe, baada ya baba yake kumfunza kwa ukali saa nyingi kila siku. Hadithi hiyo ilinikaa kichwani kuliko maelezo yote mengine. Kiatu cha siku hizi kinasaidia, lakini hakiwezi kukuinua.

Kabla ya lolote nilipimwa. Kwanza penseli: nilikaa sakafuni, nikanyoosha mguu na kuchongoa vidole, Mwalimu akalaza penseli juu ya kifundo kuona kama italala bapa au itakwamishwa na mfupa wa muundi. Isipolala, kifundo hakijapata upana wa kutosha wa kunyooka, na ukipanda hivyo utakuwa umesimama kwa nyuma ya ncha badala ya juu yake. Yangu ililala, afadhali mguu wa kulia kuliko wa kushoto.

Kisha kusimama kwa mguu mmoja, kiwiliwili nikikiinamisha mbele na mguu mwingine nyuma hadi nilingane na sakafu, halafu kukunja goti huku mikono ikishuka kugusa chini. Mara tano, na angalau nne ziwe safi: goti lisiangukie ndani, kiuno kisipinde. Kisha kuruka kwa mguu mmoja mara 16, angalau 8 ziwe na mguu ulionyooka hewani na kutua bila kuyumba. Kisha kuzunguka mara moja kwa mguu mmoja, safi. Mwisho kupanda na kushuka kwa mguu mmoja, goti limenyooka, zaidi ya mara 20 bila kujivuta kwa mikono. Penseli ndiyo pekee niliyofaulu siku ile. Mwalimu aliandika yote kwenye daftari lake, akaweka tarehe, tukaanza.

Mazoezi ya wayo ni madogo kiasi kwamba mtu akikuona atadhani umekaa tu. Unakaa kitini, wayo wote uko sakafuni, kisha unavuta mizizi ya vidole kuelekea kisigino bila kuvikunja vidole vyenyewe, mpaka uvungu wa mguu uinuke. Shikilia, achia. Mwanzoni msuli wa chini ya wayo ulinikaza sana nikiwa nimelala, nikawa nausugua kwa mpira wa tenisi. Halafu kuinua kidole gumba peke yake vingine vikibaki chini, na kinyume chake. Hilo nilikuwa nalifanyia hata ofisini chini ya meza, viatu nimevua.

Mkanda wa mpira wa mazoezi sikununua. Fundi wa baiskeli pale stejini alinikatia tyubu kuukuu, nikaiosha kwa sabuni mpaka harufu ikapungua. Unaupitisha chini ya vidole, unashika ncha zote mbili, unasukuma kifundo kwanza, kisha vidole vinamalizia. Kurudi ni kinyume: vidole kwanza, kifundo baadaye, polepole, usikubali mpira ukurudishe wenyewe. Kurudi huko polepole ndiko kunakojenga, na ndiko watu wengi wanakokuruka. Ukiuona mguu unapindia ndani, kidole kidogo kikielekea chini na kisigino kikikimbia, simamisha uanze upya. Mguu uliozoea kupinda hivyo kwenye mkanda utapinda hivyo juu ya pointi, na hapo kifundo kinateguka.

Kupanda na kushuka nilikufanyia kwenye ngazi za ploti, usiku, majirani wakipita na ndoo zao za maji. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu alizoea kunisalimia, “Bado unapanda, mama?” Naam, bado. Nikipanda kwa miguu yote miwili, nilibana mpira wa tenisi katikati ya visigino ili visiachane, uzito ukikaa kati ya kidole gumba na kile cha pili. Kisha mguu mmoja mmoja. Mara ya kwanza niliishia kumi kwa mguu wa kushoto, shavu la mguu likitetemeka. Nilipofika ishirini na ushee kwa kila mguu, nilidhani nimemaliza kazi.

Ila mguu wa kushoto uliendelea kuyumba kila nikisimama juu yake. Niliamua kulipia kuonwa na mtaalamu wa tiba ya viungo, na hiyo ndiyo pesa iliyonifaa zaidi katika safari hii yote, zaidi hata ya ile ya viatu. Alinisimamisha mbele ya kioo, akaniambia nipande kwa mguu wa kushoto. Akaweka kidole gumba chake kwenye mfupa wa kiuno upande wa kulia, na kingine upande wa kushoto. Nilipopanda, kidole cha kulia kilishuka mbele ya macho yangu.

“Unaona? Mguu hauna shida. Nyonga ndiyo inalala.”

“Kwa hiyo daktari, nimekuwa nikijenga mahali pasipofaa?”

“Hapana, umejenga chini vizuri. Sasa jenga juu, uzito usimwagike.”

Tangu hapo nusu ya mazoezi yangu yalihamia kiunoni. Kulala ubavu, magoti yamekunjwa, visigino vimegusana, na kufungua goti la juu bila kuviringisha kiuno nyuma. Kujiinua kwa kiwiko, ubavu kwa ubavu. Kulala chali, tumbo limeshikwa, na kushusha mguu mmoja polepole bila mgongo kuachana na sakafu. Na kugeuza miguu nje kwa kutumia misuli ya ndani kabisa ya nyonga. Hili la mwisho nalisisitiza kwa kila anayenisikiliza, kwa sababu darasani wengi hugeuza miguu nje kwa kusukuma nyayo kwenye sakafu. Mtu anaonekana amefunguka vizuri, kumbe uvungu wa mguu umelala, goti limejisokota, na kifundo cha ndani kinavutwa. Fungua kidogo, kwa kile ambacho nyonga inakupa kweli. Mwalimu hakujali kama miguu yangu haikufanya mstari mmoja ulionyooka. Alijali kama goti liko juu ya kidole cha pili.

Baada ya miezi kadhaa ya hayo, mguu wa kushoto ulitulia bila mimi kuugusa.

Chakula nakitaja kwa uchungu, maana nimeona wasichana wakija darasani na chai ya rangi tumboni tangu asubuhi, eti wawe wepesi. Mwili usiolishwa hauwezi kujenga mfupa. Mwanamke akianza kukosa hedhi kwa sababu ya mazoezi mengi na chakula kidogo, hiyo ni hatari: mifupa inapoteza uimara, na nyufa ndogo zinaingia kwenye mifupa mirefu ya wayo, hasa ule wa pili, ambao ndio unaobeba sana juu ya pointi. Mimi nakula githeri au ugali mchana siku za mazoezi, maziwa kila siku, sukuma wiki, na omena, ambayo unaila na mifupa yake yote na ina kalsiamu ya kutosha. Hakuna mwalimu wa maana atakayekuambia ujinyime ndipo upande.

Mwalimu alipofungua tena daftari lake na vipimo vyote vikapita, ndipo tukazungumzia viatu. Mwenzangu mmoja alikuwa amepata jozi ya mtumba soko la Gikomba, safi kabisa, kwa bei ya kutupa. Mwalimu alikataa asivivae hata mara moja. Boksi la kiatu cha pointi linatengenezwa kwa tabaka za kitambaa, karatasi na gundi. Joto na jasho huilainisha gundi ikafuata umbo la mguu wa mwenyewe. Kiatu cha mtumba kimeshakufa, au kimeshaumbika kwa mguu wa mtu mwingine, na wewe utasimama juu ya umbo lake. Kwenye nguo na raba, mitumba sawa. Hapa hapana.

Kupimwa vizuri kunataka mtu anayejua, na mimi nilipimwa na Mwalimu mwenyewe. Vidole vilale vimenyooka, visikunjike. Ukikunja magoti miguu ikiwa imeachana, vidole viguse mwisho wa kiatu bila kubanwa. Ukiwa juu, kitambaa cha kisigino kishikike kidogo tu kati ya vidole viwili. Boksi likiwa pana, mguu unazama na kidole gumba kinabeba kila kitu, kucha zikaumia. Riboni nilishona mwenyewe kwa uzi wa kusafishia meno, ambao haukatiki, na fundo nalifunga kwenye kishimo cha ndani ya kifundo, kamwe si juu ya kano ya kisigino. Rangi ilikuwa ya waridi, nikaipaka fondesheni mpaka ikafanana na ngozi yangu. Viatu vya kahawia vipo siku hizi. Freed of London walivitoa mwaka 2018 kwa ushirikiano na kundi la Ballet Black, na jozi yangu ijayo itakuwa ya rangi hiyo.

Mwanzo wenyewe ulikuwa mfupi: dakika kumi mwishoni mwa darasa, mwili ukiwa na moto, nikiutazama upau, ule mti wa kushikia wakati wa mazoezi, mikono yote miwili imeushika, miguu yote miwili chini. Kupanda kwa kupitia nusu ya wayo, kusimama, kushuka kwa kupitia hapo hapo. Basi. Sikuvivaa nyumbani, kwa sababu sakafu yangu ni ya vigae juu ya saruji, inateleza na haina mnepo hata kidogo. Ule ukumbi una sakafu ya mbao yenye nafasi chini yake. Julai, Nairobi ikiwa na ile baridi ya mawingu, naongeza muda wa kupasha mwili moto na sivui soksi nzito mpaka shavu la mguu lilainike.

Malengelenge na uchovu wa misuli navichukulia kawaida. Maumivu makali kwenye nukta moja ya mfupa, maumivu nyuma ya kifundo ninapochongoa mguu, au kidole gumba kinachokwama kikikunjwa, hayo sivumilii hata dakika tano. Navua viatu, nakwenda kuonwa. Kwa sasa tumeanza kuachia upau kwa hatua ndogo ndogo katikati ya ukumbi, kwa miguu yote miwili. Kwa mguu mmoja, Mwalimu amesema tungoje kwanza, na ile tyubu bado naivuta kila jioni.