Kinyume cha kulia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mbukwenyi!

Zamu ya tafakari wiki hii imeniangukia mimi, na imenikuta na rundo la madaftari mezani. Mnajua nafundisha darasa la pili huku njia ya Hombolo, Dodoma, watoto 74 na kalamu nyekundu moja. Kwa hiyo msishangae neno likianzia kwenye daftari kabla halijafika kwenye Biblia.

Anayesahihisha kazi za watoto wadogo hana haja ya vichekesho vya kwenye televisheni. Niliuliza: "Baba alinunua zabibu kilo 5, akala kilo 2. Zimebaki kilo ngapi?" Mmoja akajibu: "Baba anaumwa tumbo." Kwao wana shamba la zabibu huyo, anajua anachokisema. Kwenye habari ya "Mama yangu" mwingine aliandika: "Mama yangu ana meno. Akicheka nayaona yote." Na nilipowaambia wataje majira ya mwaka, nikapata hili: "1. Kiangazi. 2. Mvua ikija." Masika na vuli tuwaachie watu wa pwani. Sisi mvua yetu ni moja, Desemba hadi Aprili, na hiyo "ikija" imebeba maombi ya kijiji kizima. Nilimpa vema, mwenye kitabu anisamehe.

Lakini lililoninyima usingizi lilikuwa kwenye daftari lililofunikwa kwa karatasi ya kalenda ya zamani. Zoezi la vinyume. Panda, shuka: vema. Fungua, funga: vema. Namba 5 ilikuwa "lia". Hapo mtoto alikuwa amefuta na kipande cha ndala mpaka karatasi ikatoboka, kisha pembeni ya tundu akaandika, kwa herufi zinazopanda mlima: bembelezwa.

Nikaweka kosa. Kinyume cha lia ni cheka, tumefundishwa hivyo na tunafundisha hivyo. Ila kesho yake nikamwita mezani nikamuuliza alikuwa anawaza nini. Akatazama vidole vyake vya miguu, vyeupe kwa vumbi, akasema taratibu: "Mwalimu, mtu akiwa analia hawezi kucheka. Anabembelezwa kwanza."

Wapendwa, jibu langu nalo limo kwenye Maandiko. Luka 6:21: "Heri ninyi mliao sasa, kwa sababu mtacheka." Sikukosea. Lakini nendeni na Yohana 11, maana ndilo somo letu la wiki hii, na mlisome polepole. Lazaro yuko kaburini siku ya nne. Martha anatoka kumlaki Bwana, anaambiwa ndugu yako atafufuka, naye anajibu: "Najua ya kuwa atafufuka katika ufufuo siku ya mwisho." Hilo ni jibu la vema kabisa, hata mwalimu wa kipaimara asingelikataa. Kisha anakuja Mariamu, anaanguka miguuni, analia, na waliofuatana naye wanalia. Bwana hampi Mariamu somo. Anauliza wamemweka wapi, na mstari wa 35 unasema: "Yesu akalia machozi."

Mimi huwa nakwama hapo. Alijua anachokwenda kufanya. Muda mfupi baadaye angeita, na Lazaro angetoka na sanda zake. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuwaambia nyamazeni, mtacheka sasa hivi, ni yeye. Hakuwaambia. Alilia nao kwanza, jiwe likaondolewa baadaye. Hata Ufunuo 21:4, unapozungumzia siku ile, unasema "atafuta kila chozi katika macho yao." Na chozi halifutwi kwa mbali. Lazima mtu asogee, mkono ufike shavuni.

Sasa niseme langu. Jirani yangu mmoja, si wa jumuiya yetu, alifiwa na mtoto mwezi wa saba. Nilienda msibani, nikatoa rambirambi, na tangu hapo nikawa namtumia mistari kwenye simu. Furahini katika Bwana. Shukuruni kwa kila jambo. Mistari ni ya kweli yote, sitamfutia hata mmoja. Ila nilikuwa namtumia kwa sababu kutuma ni rahisi kuliko kukaa, na mlango wake na wangu vimetenganishwa na uzio wa minyaa tu.

Jumamosi nikavuka. Nilimkuta uani anabangua karanga. Sikwenda na mstari. Nikavuta kigoda, nikachota karanga nami nikabangua. Tulifika nusu ya ungo hatujasema la maana, kisha akaanza kulia, nikamwacha alie, nikamshika mgongo. Jua lilipozama akanisimulia jinsi yule mtoto alivyokuwa anaiba karanga mbichi na kuzificha kwenye soksi za shule. Tukacheka kidogo, wote wawili.

Lile kosa kwenye daftari sikulifuta, maana mtihani ukija atadaiwa "cheka". Chini yake niliandika: "Umesema kweli." Jumatatu mwenye daftari akanifuata mpaka mlangoni mwa ofisi, amelikumbatia kifuani.

"Mwalimu, kama nimesema kweli, mbona kosa?"

Sijamjibu bado.