Uzi wa Wavu kwenye Feni ya Mjomba

Watoto wa Igombe, kando ya Ziwa Victoria, kipima upepo cha mjomba tulikiita feni. Kilikuwa na vikombe vitatu vyeusi, kila kimoja kwenye mkono wake, juu ya nguzo ya chuma ya mita mbili. Ukipanda ndoo unakifikia. Chini ya vikombe palikuwa na kidirisha cha kioo chenye tarakimu, kama zile za kwenye gari zinazohesabu kilomita. Na kweli zilikuwa kilomita, ila za upepo. Kila siku saa tatu asubuhi mjomba wangu, mtunza kile kituo kidogo cha hali ya hewa, alizisoma, akatoa za jana, akajua upepo umetembea umbali gani. Mara nyingi ilikuwa mia na ushee. Niliwahi kumuuliza upepo wetu wa siku moja ungefika wapi. Akatazama ziwa, akasema, "Bukoba haufiki."

Mwaka ule, 1993, nilikuwa na miaka kumi na moja, na nikaweka dau la maandazi mawili.

Rafiki yangu, mtoto wa mvuvi, alikuwa na hoja nzito. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, kwa sababu nchi kavu hupata joto haraka. Usiku mambo hugeuka, upepo unatoka huku kwetu kwenda majini. Hayo hakuyasoma popote. Baba yake alikuwa mtu wa dagaa na karabai, alikuwa akisukumwa na upepo huo kila alipotoka. Basi, akasema, usiku feni lazima izunguke kinyumenyume. Mimi nikasema haizunguki hivyo. Sikuwa na sababu yoyote, ubishi tu.

Tukaamua kuifunga ile feni jioni, ikae kimya, halafu usiku tuje na tochi, tufungue na kuona inaanzia upande gani. Kwa nini tusije tu kuitazama bila kuifunga? Mpaka leo najiuliza. Nadhani ni kwa sababu uzi ulikuwepo. Mwenzangu alikuwa na kipande cha nailoni ya kijani, kimekatika kwenye wavu. Nikaenda kuchukua ndoo ya mama. Tukaruka uzio, tukapita kile kibanda cheupe cha mbao ambacho wageni walidhani ni mzinga wa nyuki, yeye akapanda akafunga kikombe kimoja kwenye nguzo. Mara nikaitwa kurudisha mbuzi. Kisha chakula. Kisha usingizi.

Saa kumi alfajiri niliamshwa na mlio wa bati. Nyumba ilikuwa inapumua, inavuta paa ndani, inalisukuma nje. Mama alitukusanya watoto chini ya meza. Tukasikia paa la jiko likiondoka, si kwa kishindo, ni kama mtu anayechana kitambaa, halafu likaangukia mbali kwenye mihogo. Kule mwaloni, mitumbwi inakoegeshwa, watu walikuwa wanaitana majina. Mvua ilikuja baadaye, ikanyesha mpaka kukakucha. Wavuvi walirudi wote, ila mitumbwi miwili ilipasukia kwenye mawe.

Na mimi, chini ya meza, ndipo nilipoukumbuka uzi.

Saa tatu nilimfuata mjomba kwa nyuma. Alipima kwanza mvua, milimita sitini na moja, akaandika. Akaenda kwenye nguzo. Akasoma. Akakifuta kioo kwa kidole gumba, akasoma tena.

"Arobaini na nne," akasema. Akageuka kulitazama jiko letu lisilo na paa. "Arobaini na nne?"

Ndipo alipouona uzi. Alilishika fundo, akalichunguza kama mtu anayesoma mwandiko.

"Hili ni fundo la mwaloni. Hukulifunga wewe." Nikaanza kupumua. "Lakini ile ndoo ni ya mama yako." Ilikuwa imebanwa na upepo kwenye uzio, imepinda mdomo.

Nilimwambia, "Mjomba, andika mia tatu. Upepo kila mtu kausikia."

"Hizo mia tatu umezitoa wapi?"

Hakunichapa. Aliandika 44 kwa wino, na pembeni: Vikombe vilikutwa vimefungwa kwa uzi. Mwisho wa mwezi karatasi ikapanda basi kwenda mjini. Usiku uliong'oa mabati yetu ukafika huko ukiwa siku tulivu kuliko zote za mwezi, na maneno matano ya kuutetea.

Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba vikombe hivi alivibuni Robinson wa Ireland mwaka 1846, vikiwa vinne. Patterson wa Kanada akavifanya vitatu mwaka 1926. Robinson aliamini upepo huenda mara tatu ya kasi ya vikombe, vikiwa vikubwa au vidogo, na haikuwa hivyo. Nilifarijika kidogo.

Mjomba alipoukata uzi kwa wembe, upepo mdogo ulikuwa unatoka nchi kavu. Vikombe vikasita, vikaanza kuzunguka upande uleule wa siku zote: tumbo la kikombe hushika upepo kuliko mgongo wake, utoke utakako. Nilikuwa nimeshinda. Rafiki yangu alikuwa upande wa pili wa uzio, aliona kila kitu, akaondoka taratibu kuelekea mwaloni. Maandazi yangu bado anayo.