Matufaha ya Kapchorwa, na cheri niliyoiacha

Aliyenitia wazimu wa cheri ni mpwa wangu anayesoma Poland. Kila Julai ananitumia picha za cheri kali, zile nyekundu ndogo za kupikia jemu, zimejaa mpaka matawi yameinama, halafu ananichokoza: "Mjomba, na shamba lote hilo, unashindwaje?"

Nilisoma nikapata jibu la kumpa. Cheri kali, kwa mfano aina ya Montmorency, hutaka takriban saa 1,000 za baridi kila mwaka, baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi, ndipo macho ya maua yafunguke sawasawa. Hapa Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, kwenye miinuko ya Mlima Elgon, jioni tunavaa makoti, lakini baridi ya namna hiyo hatuna. Mti utaota, utapendeza kwa majani, na matunda utaendelea kuyaona kwenye simu. Cha kuchekesha ni kwamba msitu wa juu yetu una mti wa ukoo huohuo, Prunus africana, ule ambao magome yake husafirishwa ng'ambo kutengenezwa dawa ya tezi dume. Huo haudai baridi ya mtu. Ila vitunda vyake ni vichungu, tumewaachia ndege na nyani.

Basi nikageukia tufaha. Nalo ni la nchi za baridi, lakini zipo aina zinazoridhika na baridi kidogo. Mimi nina mbili: Anna, iliyozalishwa Israeli, na Dorsett Golden, iliyopatikana Bahamas, visiwa visivyojua theluji. Wakulima wa Kabale, kule kusini-magharibi mwa Uganda, walitutangulia nazo. Usipande mbegu ya tufaha ulilonunua dukani, kwa sababu tunda litakalotoka halitafanana na mama yake. Nunua miche iliyobebeshwa, yaani kijiti cha aina unayoitaka kimeunganishwa juu ya shina la mti mwingine, na umuulize muuzaji shina la chini ni la aina gani. Shina la MM106, lililozalishwa Uingereza, linastahimili vidukari wale wenye sufu nyeupe wanaojificha kwenye mizizi. Kupanda kwenyewe hakuna siri: shimo pana, samadi iliyooza vizuri, nafasi ya mita 3 au 4 kati ya miti, na maji yasituame.

Kazi iko baadaye. Mti wa tufaha ukiuacha ujiendee huku kwetu, haujui mwaka umeanza lini wala umeisha lini. Tawi hili lina ua, lile lina tunda bichi, jingine limeshikilia majani ya zamani yaliyochakaa. Kule kwao majani hupukutika, baridi inaupiga mti, kisha joto linauamsha. Hapa hakuna wa kuupukutisha, kwa hiyo unaupukutisha wewe. Wakulima wa Batu, kule Java ya Mashariki nchini Indonesia, wanafanya hivyo kwa mikono na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Niliposoma habari zao nikasema, kumbe!

Ninavyofanya ni hivi. Nikishavuna, nauacha mti upumzike wiki tatu au nne, na maji nasimamisha. Ukichelewa zaidi ya hapo macho yanaingia usingizi mzito, na kuyaamsha ni shida. Kisha nachukua mkasi. Wengine huvuta jani kwa mkono, mimi sipendi, kwa sababu kwenye kwapa la kila jani kuna jicho dogo kama punje ya ulezi, lina manyoya laini, na jani likivutwa vibaya linaondoka nalo. Ninakata jani lenyewe na kuacha kikonyo chake. Baada ya siku chache kikonyo kinakauka na kudondoka chenyewe, jicho limebaki salama. Mti mmoja mkubwa unakula asubuhi nzima.

Siku ya kwanza jirani alipita na maziwa yake akasimama kwenye uzio. Jeshi nimestaafu, lakini kwa watu wa hapa jina la afande halistaafu.

"Afande, huo mti umekosa nini hadi unanyonyolewa kama kuku?"

"Naupeleka Ulaya," nikamwambia.

Alicheka akaenda zake. Nadhani alikwenda kuwaambia wengine, maana siku ile nilipata wageni wengi.

Kunyonyoa peke yake hakutoshi. Tawi linalosimama wima linapenda kurefuka na kuota majani tu, kwa hiyo nayalaza matawi kwa kamba za katani nilizofunga kwenye mawe, mpaka yakaribie kulala sambamba na ardhi. Matawi yanayobanana katikati napogoa. Hapo ndipo narudisha maji na samadi. Katika mwezi mmoja hivi macho yanavimba, yanaonyesha uwaridi, halafu mti mzima unachanua kwa pamoja.

Mavuno mawili kwa mwaka yanawezekana, ila kwangu ya pili siyategemei. Maua ya Januari yanakuta kiangazi, nyuki wanatoka mzingani, na tunda linakuwa tayari baada ya miezi kama minne. Maua ya Julai yanakutana na mvua ya Elgon: nyuki hawaruki, ukungu unatia madoa meusi kwenye majani na matunda. Hayo tunakula nyumbani.

Matunda yakifunga kwa vishada, napunguza yakiwa bado madogo sana, nabakiza moja au mawili kila kishada. Mke wangu hataki kuangalia shughuli hiyo. Lakini ukiyaacha yote utavuna vijitunda ambavyo havitapata mnunuzi, naye mnunuzi ameshazoea matufaha makubwa yanayong'aa kutoka Afrika Kusini.

Tatizo la Anna ni kwamba haikai. Bila jokofu inalainika upesi, na mimi ninauza kidogokidogo, mjini na kwa wageni wanaokwenda kwenye maporomoko ya Sipi. Ndiyo maana siku hizi sinyonyoi miti yote kwa wakati mmoja. Kundi moja nalinyonyoa mwisho wa Novemba, jingine katikati ya Januari, na kila kundi lazima liwe na Anna na Dorsett ndani yake, kwa kuwa Anna haizai vizuri kwa chavua yake yenyewe.

Yule jirani wa maziwa alipanda Anna mmoja tu karibu na jiko, ukachanua vizuri na maua yote yakaanguka. Nafasi ya mti wa pili hana. Nimempa vijiti vya Dorsett, tumevibebesha kwenye tawi moja la Anna huohuo, upande ambao ng'ombe wake hafiki.