Dende wa Koko

Likizo kubwa ya mwaka 2005, pale kwetu Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo, dende watatu wa Koko, bibi yetu, walipotea ndani ya juma moja. Nyinyi wa mbali huenda mnawaita simbilisi. Sisi watu wa Bukavu tunawaita dende, wanakaa jikoni karibu na mafiga, wanakula majani ya viazi, na wakizaana ndipo minervali, yaani karo ya shule ya watoto, inapopatikana. Dende watatu si mchezo.

Koko alikuwa na washukiwa wawili. Wa kwanza alikuwa paka wa mama jirani. Wa pili alikuwa bundi aliyehamia kwenye chumba cha nyuma ya paseli, yaani kiwanja chetu, kile ambacho babu hakuwahi kukimaliza. Koko alimwogopa bundi, kwa hiyo hasira zote zilimwangukia paka. Kila asubuhi akifagia, Koko aliusemesha ukuta: "Paka yenu imenimalizia dende!" Mama jirani naye hakuumbwa kunyamaza. Ikafika hatua hawaazimani hata chumvi.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilijua dende wameenda wapi. Mmoja wao nilimla paja. Kaka yangu na wenzake waliwababua juu ya makala, yaani makaa ya moto, nyuma ya choo wakati Koko yuko ibadani, nikawakuta, wakanifunga mdomo kwa paja lenye pilipili. Lilikuwa tamu, siwezi kudanganya.

Jumamosi akaja mjomba, mwalimu wa biolojia sekondari. Alisikiliza kelele za akina mama kwa muda wa chai moja, akasimama. "Muache maneno. Mwenye kula anaacha alama. Weye, leta beseni."

Bundi, alitueleza, anameza panya mzima. Nyama inayeyuka tumboni, ila mifupa, meno na manyoya vinajikusanya kuwa donge, na donge linatapikwa. Chini ya lile dari tuliokota madonge kumi na saba, kila moja kama dole gumba la mtu mzima. Makavu yalikuwa ya kijivu na mepesi kama pamba. Mapya yaling'aa, meusi, kana kwamba fundi kayapaka vanishi. Koko aliapa hayataingia jikoni mwake, basi tukayaloweka uani katika maji ya uvuguvugu na kuyachambua kwa kibanio cha nyusi cha mama mdogo, ambaye hadi leo hajaambiwa.

"Hesabuni meno," mjomba akasema. "Panya ana meno matatu ya nyuma kila upande wa taya. Dende ana manne. Na ya mbele, ya panya yana rangi ya chungwa, ya dende ni meupe."

Nikawa nasafisha mataya. Matatu, chungwa. Matatu, chungwa. Kila nililolitoa majini niliomba liwe na manne, bundi abebe kesi nikalale salama.

Mkono ukiwa beseni, mjomba alipenda kuhadithia dinosauri. Aliwasema kana kwamba ni watu waliosoma naye. Alikuwa na jarida la Kifaransa lisilo na jalada ambalo amelisoma mpaka likawa laini kama leso. Alitupa habari za Baryonyx, aliyepatikana Uingereza mwaka 1983. Ndani ya mbavu zake kulikuwa na magamba ya samaki yaliyolika na asidi, na kulika huko ndiko kulikoonyesha kwamba yalipita tumboni, si mto uliyaleta pale. Huyo huyo alikuwa na mifupa ya dinosauri mchanga mla majani. Halafu kinyesi kilichogeuka jiwe, kutoka Saskatchewan, Kanada, urefu sentimita 44, wanakihesabu kuwa cha Tyrannosaurus. Kimejaa vipande vya mfupa wa mnyama mchanga. Kaka akauliza nani huyo anayelipwa kuchokonoa mavi ya miaka milioni nyingi. Mjomba akamwonyesha donge lililokuwa mkononi mwake.

"Na kuna Coelophysis," akaendelea. "Kule Ghost Ranch, New Mexico, wamechimbuliwa tele tangu 1947. Wakubwa wawili walikutwa na mifupa midogo kati ya mbavu. Ya watoto wao wenyewe." Kaka akacheka. Mjomba hakucheka. "Anakula cha nyumbani kwake," akasema, akarudi kwenye donge lake. Mimi nilitazama maji.

Donge la mwisho lilipoisha, hakuna dende. Mjomba akabeba beseni kwenda kumwaga nyuma ya choo, mahali pale pale pa makala. Maji yakasukuma majivu, na kitu cheupe kikabaki juu. Akachuchumaa. Alikaa hivyo muda mrefu, kidole kikitembea.

"Ine," akasema. Meno manne.

Taya lilikuwa limeungua upande mmoja. Akalitia ndani ya kisanduku cha kiberiti, akaenda kwa Koko. "Paka hana kesi. Bundi naye umwache, ndiye anayekuchungia mahindi."

"Sasa ni nani?"

"Mnyama mkubwa kidogo," mjomba akasema. "Anatembea kwa miguu miwili."

Koko hakuhitaji jarida. Likizo iliyobaki kaka aliimaliza akipandisha bidon, yaani madumu ya maji, kwenye kilima, na mimi nyuma yake na kidumu changu. Mama jirani hakuombwa msamaha kwa mdomo, ila alipelekewa sahani ya sambaza, wale samaki wadogo, akairudisha imejaa maparachichi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, ndipo niliposoma kwamba mwaka 2006, mwaka mmoja tu baada ya beseni letu, wataalamu waliwapima upya wale Coelophysis wawili. Kwa mmoja, ile mifupa midogo ilikuwa ya mnyama wa ukoo wa mamba. Kwa mwingine ilikuwa imelala chini ya mbavu, haikuwa tumboni kabisa. Miaka yote hiyo wamesingiziwa. Nilimwandikia mjomba WhatsApp usiku ule ule, kwa furaha ya mwanafunzi aliyemkamata mwalimu.

Jibu lilikuja asubuhi: "Vizuri, yeye ametoka. Nanyi je, Koko mulimurudishia dende zake?"